Kaunti yataka 46,500 tuone karatasi za kisima chetu. Tulipe?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mimi usingizi sina. Ni katibu wa kikundi cha kina mama 28 katika kijiji kimoja cha Pwani ya Kenya, mbali kidogo na barabara ya lami. Miaka miwili iliyopita kaunti ilituchimbia kisima. Mtambo wa kuchimbia uliingia Jumanne, ukanguruma mpaka usiku, na Alhamisi asubuhi ulikuwa umeshaondoka. Wakaweka paneli za sola, tangi jeusi juu ya vyuma na mifereji minne. Maji tuliyateka majuma matatu tu. Yalianza na chumvi, yakawa tope, yakakata. Sasa mbuzi wanalala kivulini chini ya lile tangi, na sisi tumerudi silangani, yaani bwawani, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kurudi. Kiangazi kikikaza tunanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 50 kwa mwenye punda.

Kibao cha mradi bado kimesimama. Jina la mradi lipo, mwaka wa fedha upo, lakini pale palipoandikwa gharama pamepakwa rangi nyeupe.

Kijana mmoja wa hapa aliyesoma alitueleza kwamba kuna sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba habari serikalini. Tukakaa kikao, nikaandika barua kwa mkono, kwa Kiswahili, tukiomba nyaraka zote za miradi ya maji ya wadi yetu tangu mwaka 2018. Nikaipeleka mwenyewe. Karani pale mlangoni akaniambia barua kama hizo huandikwa kwa Kiingereza, halafu akasema kuna 1,500 ya kufungulia faili. Nilitoa, na risiti sikupewa.

Siku ya 19 nikaitwa. Afisa aliyepewa kazi hiyo ni binamu ya mume wangu, mimi namwita shemeji. Akaniuliza tunazitakia nini karatasi hizo na ni nani aliyetutuma. Kisha akachana nusu karatasi akaandika: "Utafutaji na nakala, 46,500." Hapana muhuri, hapana jina, hapana saini. Tulipotoka nje ukumbini akapunguza sauti: "Shemeji, nitumie 20,000 kwa M-Pesa kwenye nambari yangu, nitakusaidia kama mtu wa nyumbani."

Mama, akiba yetu yote ni 51,200. Tunachanga 200 kila mmoja kila Jumamosi, na pesa hizo tulizipangia matangi ya kuvunia maji ya mvua. Mwenyekiti anasema tutoe hizo 20,000 jambo liishe. Mweka hazina amekataa, amelichukua daftari la hesabu amekwenda nalo kwake. Jumamosi iliyopita kila mmoja aliketi kwenye mkeka wake, na kina mama wakagawanyika nyuma yao. Mume wangu naye anasema nimemwaibisha ndugu yake.

Leo ni siku ya 11 tangu nipewe ile nusu karatasi. Je, kaunti ina haki ya kutulipisha? Tukikataa, ndiyo basi tena? Na shemeji nimfanyeje?

Katibu, Pwani

---

Marahaba mwanangu.

Hizo 20,000 msizitume. Hizo 46,500 nazo msizilipe kwa karatasi uliyopewa. Lakini msinyamaze, maana siku zinahesabiwa. Sheria inakupa siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi kupeleka malalamiko mbele, na 11 zimeshakwenda. Umebakiwa na 19. Kabla hujaendelea kusoma, igeuze ile nusu karatasi, andika nyuma yake tarehe uliyopewa, mahali, na aliyekupa. Kisha ipige picha, na nakala moja aiweke mweka hazina.

Nilifanya kazi masjala ya ofisi moja ya serikali kwa miaka 26, kwa hiyo neno "utafutaji" limenichoma. Najua jalada la mradi linavyokaa. Limo kwenye kabati la chuma, karatasi zake zimetobolewa na kufungwa kwa kamba fupi yenye ncha za chuma, na kila ukurasa una namba iliyoandikwa kwa wino kona ya juu mkono wa kulia. Karani anayeijua kazi yake hulitoa kwa dakika kumi. Na kazi hiyo analipiwa mshahara, mshahara wa kodi yako na ya mwenye punda.

Sasa ada. Haki yenyewe imo katika kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinasema mambo mawili, yakariri uyajue kwa moyo. La kwanza, kuwasilisha ombi hakutozwi chochote. Ile 1,500 ya "kufungulia faili" haikuwa halali hata kwa shilingi moja. La pili, ofisi inaweza kutoza ada iliyowekwa kwa kanuni, lakini ada hiyo isizidi gharama halisi ya kutoa nakala na, ikihitajika, ya kukufikishia. Nakala na kuzifikisha, basi. Sheria haikutaja ada ya kutafuta, wala ya afisa kukaa na jalada mezani akifikiri.

Tufanye hesabu pamoja. Hapo kwenye duka la saiba la sokoni kwenu, ukurasa mmoja wa nakala unatozwa nini? Tuseme shilingi 10, na mwenye duka hapo ana faida yake. Basi 46,500 ni kurasa 4,650, yaani zaidi ya rimu tisa za karatasi. Mkataba wa kisima kimoja pamoja na orodha ya vifaa na bei, ile mafundi wanayoiita BQ, ni nadra kufika hata kurasa 100. Hata ukiongeza ripoti ya upimaji na vyeti vya malipo, shilingi elfu mbili zinakurudishia chenji.

Hapa nitakusema kidogo, na unisamehe. Barua yako iliomba "nyaraka zote za miradi ya maji ya wadi tangu 2018". Hilo ni kosa, tena ndilo kosa ninaloliona kwa watu wengi wenye haki. Ukiomba zote, umempa mtu asiyetaka kukupa sababu ya kusema kazi ni kubwa. Nimewaona mabosi wakicheka barua za namna hiyo. Barua inayoomba karatasi chache zinazojulikana kwa majina haichekeki. Kwa hiyo ombi lipunguze. Kisima ni kimoja, na mnachotaka kujua ni kimoja: kililipiwa nini na kilichimbwa nini.

Kisha kuna mlango ambao hukuambiwa kwamba upo. Kifungu cha 11 kinasema habari iliyokubaliwa kutolewa ikaguliwe pale pale inapowekwa, kama ilivyo, isipokuwa mwombaji mwenyewe akitaka kwa sura nyingine. Gharama ya nakala ni ya anayetaka nakala. Maana yake unaweza kwenda, ukaketi, ukafunua jalada, ukasoma na kuandika daftarini bila kulipa kitu. Ukiona ukurasa unaoutaka, unanakili namba yake ya kona ya juu, unaombea ukurasa huo peke yake. Kikundi kikifanya hivyo, ada nzima itakuwa pesa ya nauli.

Kifungu hicho hicho kinailazimu ofisi, ikitaka ada, ikuandikie kiasi chenyewe, hesabu iliyotumika kukifikia, njia ya kulipa, na kwamba una haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala juu ya kiasi hicho. Ukishalipa, habari upewe ndani ya siku mbili za kazi. Hebu iangalie tena nusu karatasi yako. Ina nini kati ya hayo?

Barua ya pili iwe ya ukurasa mmoja. Usimpelekee shemeji. Sheria inamtambua mkuu wa ofisi kuwa ndiye afisa wa habari mpaka atakapokabidhi kazi hiyo kwa mwingine, kwa hiyo mwandikie mkuu, na nakala kwa katibu wa kaunti. Iandike kwa Kiswahili. Kifungu cha 8 kinaruhusu Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika hata anaposema kwa mdomo afisa anapaswa kumwandikia. Mimi ningeiandika hivi:

"Tarehe fulani tuliwasilisha ombi la habari. Tarehe fulani tulipewa kwa mkono karatasi isiyo na saini inayodai shilingi 46,500. Tunaomba, kwa mujibu wa kifungu cha 11 na cha 12 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tuandikiwe rasmi jinsi kiasi hicho kilivyofikiwa: kurasa ngapi, kwa shilingi ngapi kila ukurasa, na kanuni inayoruhusu. Tunapunguza ombi letu liwe la nyaraka hizi za kisima cha kijiji chetu peke yake: mkataba uliotiwa saini, orodha ya vifaa na bei, ripoti ya upimaji wa maji ya ardhini, taarifa ya kukamilika kwa kisima, vyeti vya malipo na cheti cha kupokea kazi. Tunaomba kuzikagua hapo ofisini bila nakala, na mtujulishe siku. Aidha, tarehe fulani tulitozwa shilingi 1,500 wakati wa kuwasilisha ombi; tunaomba risiti yake au turudishiwe. Tusipopata jibu la maandishi kwa siku saba tutapeleka suala hili kwa Tume."

Ipeleke nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga muhuri, mwambie aandike jina lake na saa. Akikataa hilo pia, andika wewe mbele yake. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, na nakuambia hakuna kinachomwamsha karani kama mtu anayeandika saa.

Hizo siku saba ni za kwako, si za sheria, na nimezichagua makusudi ili zisikumalizie zile 19. Zikipita kimya, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanayoiita ofisi ya Ombudsman. Kifungu cha 14 kinaipa uwezo wa kupitia upya uamuzi wa kutoza ada na wa kiasi cha ada, kwa hiyo shauri lako ni lao hasa. Makao yake ni Nairobi, lakini ina ofisi Mombasa, na ina dawati katika baadhi ya vituo vya Huduma. Haitozi kitu. Chukua barua ya kwanza, nusu karatasi, barua ya pili yenye muhuri, na maelezo yako ya ukurasa mmoja. Wakili huhitaji.

Na kuhusu swali la shemeji, "mnazitakia nini?", si juu yako kulijibu. Kifungu cha 4 kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unayoitoa wala na sababu ambayo ofisi inadhani unayo. Tena mkataba wa umma ukishatiwa saini, ofisi inatakiwa kutangaza yenyewe kazi ni ipi, bei ni ngapi, nani amepewa na imalizike lini. Hiyo ni kazi ya kifungu cha 5. Ile rangi nyeupe kwenye kibao chenu imefunika kitu ambacho sheria ilitaka kiwe wazi kabla hamjauliza.

Sasa tuje nyumbani, maana najua hapa ndipo usingizi wako ulipopotelea.

Pesa ya serikali ya kaunti huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, ndivyo kifungu cha 207 cha Katiba kinavyosema, na mlipaji hupewa risiti. Haiingii kwenye simu ya mtu, awe shemeji, awe mkwe. Zile 20,000 ni rushwa, na Sheria ya Rushwa ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Mngezituma, mngekuwa mmejifunga mdomo wenyewe: siku mtakapotaka kulalamika juu ya kisima, yeye ana ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mweka hazina wenu. Mweleze hivyo mwenyekiti, kwa upole, peke yake, si mbele ya kikao. Naamini aliona 20,000 ni ndogo kuliko 46,500 na akataka kuwapunguzia wenzake mzigo. Ni mama anayechoka kwenda silangani kama nyinyi. Mwache atoke kwenye wazo lile bila kuaibika.

Shemeji usimkimbie wala usimsengenye. Mwambie mumeo yote, pamoja na maneno ya ukumbini, maana nahisi hayo hakuyasikia. Kisha muende wawili nyumbani kwake, si ofisini, mumwambie: barua ya pili inakwenda kwa mkuu, jina lako hatukulitaja, ukitaka kutusaidia hakikisha tunajibiwa kwa maandishi. Huenda naye anasukumwa na mtu aliye juu yake, na barua yenye vifungu vya sheria itampa njia ya kusema "sina budi". Lakini akidai tena pesa kwenye simu yake, udugu hauwezi kuifanya iwe kitu kingine, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea taarifa hizo hata za asiyetaja jina. Aliyeleta aibu nyumbani ni aliyeomba pesa. Mumeo aambiwe hivyo wazi, na akuombe radhi.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote katika shauri lako. Karatasi za kisima haziko kaunti peke yake. Kuchimba kisima cha mtambo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi la kibali huenda pamoja na ripoti ya upimaji wa maji ya ardhini. Kazi ikiisha, mchimbaji anatakiwa kupeleka kwa Mamlaka taarifa ya kukamilika: kina, tabaka za udongo, maji yalipopatikana, yalitoka kwa kasi gani. Waandikieni na wao, sheria ni ile ile. Kaunti ikikaza mkono, huenda Mamlaka ikafungua wa kwake, na mkizipata za pande zote mbili mtaweza kuzilinganisha. Pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali juu ya kila kaunti huwekwa kwenye tovuti yake bure. Mwambie yule kijana aliyesoma afungue ya mwaka wa fedha ulioandikwa kwenye kibao, atafute neno "borehole", maana ripoti ni za Kiingereza, na jina la wadi.

Siku mtakayoitwa kukagua, nenda na mwenyekiti na mweka hazina, wote wawili. Mmoja asome nambari kwa sauti, mwingine aandike kwenye lile daftari, wewe ulinde kurasa zisifunuliwe haraka. Mkifika kwenye orodha ya bei, tafuteni mstari wa kuchimba, maana kuchimba hulipwa kwa mita. Andikeni mita zilizolipiwa. Kisha fungueni taarifa ya kukamilika muandike mita zilizochimbwa. Someni na ripoti ya upimaji: je, ilionya kuhusu chumvi, na ilisema maji matamu yako kina gani? Mtambo ulioingia Jumanne ukaondoka Alhamisi umechimba mita ambazo zinahesabika, na watu mliolala macho kwa kelele zake mko hai.

Niandikie nambari hizo ukishazipata.